Jiwe limeshatoka, mbona alama zangu za ubora wa maisha zimeshuka?

Swali la dada limekuja hivi, nalifupisha kidogo. Alikua na jiwe la figo la milimita 7. Miezi miwili kabla ya opareshini alipewa fomu ya maswali 28 akajaza, akaambiwa ana alama 72 kati ya 100. Baadae jiwe likapigwa leza likatolewa, wakamwachia stenti ndani (kampira kembamba ka kupitishia mkojo), siku ya kumi akarudi kliniki akapewa fomu ileile akapata 58. Anauliza, je hali yangu imekua mbaya zaidi? Na yale maswali ya usingizi, safari, uchovu, hofu, yanahusiana nini na jiwe, kwanini wasinipige tu ultrasaundi wakaona kama jiwe lipo au halipo wakamaliza?

Pole sana dada yangu, na hongera kwa kuvuka opareshini salama. Nianze na lile linalokunyima raha: hapana, kushuka toka 72 mpaka 58 ukiwa na stenti ndani sio dalili kwamba matibabu yamefeli wala kwamba figo imeharibika. Siku ile ulikua hujibu kuhusu jiwe tena, ulikua unajibu kuhusu stenti. Ni kama kumpima mtu uzito akiwa amebeba ndoo ya maji, mzani haujakosea, ila namba ile sio ya mwili wake peke yake.

Sasa ntakueleza kwa urefu kidogo manake swali lako lina mambo mengi ndani yake, na ningependa uelewe fomu hiyo inafanya nini ili safari ijayo uitumie kwa faida yako mwenyewe.

Tuanze na hilo la ultrasaundi. Picha inatuambia jiwe lipo wapi, lina ukubwa gani, na kama figo imevimba kwa sababu mkojo umezuiwa. Hayo ni muhimu sana na hakuna dodoso linaloweza kuyachukulia nafasi. Lakini ukubwa wa jiwe na mateso ya mwenye jiwe haviendi pamoja kabisa. Kuna mtu ana jiwe limejaa figo nzima, lina matawi matawi, na amekuja kuligundua kwa bahati tu akipimwa kitu kingine, hajawahi kulia hata siku moja. Na kuna mwingine ana kajiwe ka milimita 4 kameshuka kakanasa kwenye ureta, ile njia nyembamba inayoshusha mkojo toka figoni kwenda kibofuni, huyo unamkuta amelala chini sakafuni anageuka huku na huku anatapika, hakai wala hasimami. Maumivu yale hayatoki kwenye jiwe kuchoma choma kama watu wengi wanavyodhani, yanatoka zaidi kwenye presha ya mkojo uliokwama nyuma ya jiwe, figo inatanuka, ureta inajikaza kutaka kulisukuma. Kwahiyo kinachoamua ukali ni mahali jiwe lilipokaa na kama limeziba, ukubwa unakuja baadae. Na likitoka hapo, au likirudi nyuma, maumivu yanaisha ghafla na mtu anaonekana mzima kabisa hadi watu wa nyumbani wanaanza kushangaa kwanini jana alikua analia vile.

Hapo ndipo shida ya kupima ilipo. Ugonjwa wa mawe hauendi mstari mmoja. Presha au kisukari viko na wewe kila siku, lakini jiwe linakuja linapiga linaondoka, halafu unabaki unalisubiri lirudi. Daktari akikuona siku nzuri anaandika hana malalamiko, akikuona siku ya maumivu anaandika maumivu makali, na zote mbili ni kweli na zote mbili hazielezi maisha yako yalivyo.

Shirika la Afya Duniani linaelezea ubora wa maisha kama vile mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake maishani, kulingana na utamaduni na maadili anayoishi nayo, malengo yake, matarajio yake na yanayomhangaisha. Angalia hapo neno zito ni mtu mwenyewe. Sio daktari, sio mume, sio picha. Ndo maana hakuna njia nyingine ya kukijua kitu hiki zaidi ya kukuuliza, ila sasa kuuliza kwenyewe kuna ufundi wake, huwezi kumwambia mtu tu "unajisikiaje" ukategemea kulinganisha jibu la leo na la mwakani.

Zamani kidogo watafiti wa mawe walikua wanaazima madodoso ya jumla. Maarufu zaidi ni SF-36 iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ina maswali 36 yanayogusa maeneo nane: nguvu za mwili, kazi, maumivu, afya kwa ujumla, uchangamfu, kuchangamana na watu, hisia, na utulivu wa akili. Ni dodoso zuri na faida yake kubwa ni kwamba unaweza kumlinganisha mwenye mawe na mwenye ugonjwa wa moyo au mtu asiye na ugonjwa wowote. Walipolitumia waliona kweli watu wa mawe wako chini kuliko watu wa kawaida, na tafiti kadhaa zikaonyesha wanawake wanapata alama za chini kuliko wanaume. Lakini linauliza vitu kama kupanda ngazi, kuinama, kubeba mizigo. Mtu wa mawe ambaye wiki hii hana maumivu anapanda ngazi vizuri tu! Anapata alama za juu pale, wakati huohuo ameacha kukubali safari za mbali kwa sababu anaogopa likimshika njiani atafanyaje. Hilo SF-36 hailioni.

Kwahiyo Kristina Penniston na Stephen Nakada wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Marekani wakatengeneza dodoso la watu wa mawe peke yao, likachapishwa 2013, linaitwa WISQOL, na lina maswali 28. Kwa maelezo yako nahisi ndilo hilo ulilopewa. Limegawanyika maeneo manne: athari kwenye maisha ya kijamii, athari za kihisia, athari za ugonjwa wenyewe, na uchangamfu wa mwili. Alama zinaenda 0 hadi 100 na kadri zinavyopanda ndivyo maisha yalivyo bora. Limeshatafsiriwa lugha nyingi, Kihispania, Kituruki, Kiarabu na nyinginezo.

Na sasa lile ulilouliza, usingizi unahusiana nini na jiwe. Unahusiana sana. Mgonjwa wa mawe tunamwambia anywe maji mpaka mkojo wake kwa siku ufike angalau lita 2.5, na sisemi lita 2.5 za kunywa, nasema za mkojo, ina maana kunywa inabidi iwe zaidi ya hapo na zaidi tena kama kuna joto. Ushauri huo una msingi, kuna utafiti wa Italia uliochapishwa 1996 na Borghi na wenzake, waliwafuatilia watu waliokua wametoa jiwe lao la kwanza kwa miaka 5, walioongeza maji jiwe lilirudi kwa asilimia 12 hivi na ambao hawakuongeza asilimia 27. Sasa mtu akinywa hivo anaamka usiku mara mbili mara tatu, asubuhi amechoka, kazini yuko msalani kila saa na bosi anamwangalia. Yani dawa yenyewe inakula usingizi. Bila swali la usingizi kwenye fomu, mzigo huo daktari asingeujua kamwe, angeona tu mkojo ni mwingi, mawe hamna, akaandika vizuri sana.

Swali la safari ndo hilo nililokwambia, choo kiko wapi na likinikamata njiani nani atanisaidia. Uchovu unatokana na usingizi, na kwa baadhi ya watu maambukizi ya mkojo yanayorudi rudi. Hofu je? Hofu kwangu ndo eneo zito kuliko yote na ndilo linalopuuzwa. Mtu aliyepata jiwe mara moja ana uwezekano wa karibu nusu kupata jingine ndani ya miaka 10, na wagonjwa wanalijua hilo hata kabla hatujawaambia, kwahiyo kila kiuno kikikaza kidogo mtu moyo unadunda anajiuliza ndo linaanza? Ndiyo maana unaweza kumkuta mtu hana hata chembe ya jiwe mwilini kwa picha, na eneo lake la hisia liko chini sana. Wenye mawe ya sistini, ambao wanazaliwa na tatizo na mawe yanawarudia tangu utotoni, hao mzigo wao unakua mkubwa zaidi manake hawajawahi kuwa na kipindi cha kusema sasa imeisha.

Haya turudi kwenye stenti yako, hapa ndo penye jibu la 58.

Stenti ni kampira kembamba kenye tundu, kamejikunja ncha zote mbili, ncha ya juu inakaa kwenye figo na ya chini inakaa kwenye kibofu. Kazi yake kupitisha mkojo wakati ureta imevimba baada ya opareshini na kuzuia vipande vilivyobaki visije kuziba. Inaokoa figo. Lakini ile ncha ya chini inakigusa kibofu kila ukitembea, na kibofu kikiguswa kinadhani kimejaa, ndo maana unahisi mkojo mara kwa mara na wa haraka. Halafu ukikojoa, kibofu kinapojikaza, mkojo kidogo unapanda juu kupitia stenti mpaka kwenye figo, ndo lile chomo la ubavuni unalolisikia mwishoni mwa kukojoa. Na damu kidogo kwenye mkojo hasa ukitembea sana au ukifanya kazi nzito. Watu wengi hawaambiwi haya mapema wanabaki wanadhani daktari amewaharibu.

Hili la stenti ni kubwa kiasi kwamba lina dodoso lake peke yake, linaitwa USSQ, lilitengenezwa Uingereza na Joshi na wenzake, likatoka 2003. Linauliza dalili za mkojo, maumivu, afya kwa ujumla, kazi, mambo ya unyumba, na matatizo mengine ya ziada. Na walichokikuta ni kwamba mpaka watu 8 kati ya 10 stenti inawasumbua kiasi cha kugusa maisha yao ya kila siku. Wanane kati ya kumi dada! Sasa wewe siku ya kumi, stenti iko ndani, unajaza dodoso la jiwe linalouliza unalalaje, unaenda msalani mara ngapi, unaumwa, unafanya kazi zako vizuri. Ungepataje 72?

Acha nikuonyeshe kwa hesabu kidogo, hii inasaidia sana kuondoa woga. Maswali 28, kila moja unachagua 1 hadi 5, ambapo 5 ndo hali nzuri. Kwahiyo jumla ya chini kabisa ni 28 na ya juu ni 140, katikati yake kuna hatua 112. Kupata alama kwa 100 unachukua jumla yako unatoa 28 unagawanya kwa 112 unazidisha kwa 100. Aliyepata 109 anatoka na 72. Aliyepata 93 anatoka na 58. Tofauti ya jumla ya majibu ni pointi 16 tu, ambazo ukizigeuza kwa 100 ndo zile 14. Maswali manane yakishuka hatua mbili mbili, yani toka "mara chache" kwenda "mara nyingi", tayari umeanguka toka 72 mpaka 58, na maswali manane ya mkojo, maumivu, usingizi, uchovu na kutoka nje yanaweza kushushwa yote na stenti peke yake, wakati yale mengine ishirini hayajatikisika hata kidogo.

Kwahiyo jumla usiiangalie peke yake, omba uonyeshwe yale maeneo manne kila moja na alama yake. Kama eneo la ugonjwa na la uchangamfu ndo yameshuka na la hisia limepanda kidogo, hiyo ndo picha ninayoitegemea kwa mtu mwenye stenti, kalala vibaya ila kapumua moyoni kwamba jiwe limetoka. Kama la hisia ndo limeanguka peke yake, hapo kuna mazungumzo mengine ya kufanya.

Na sio kila namba ikicheza ina maana. Mtu yuleyule, hali ileile, akijaza leo na keshokutwa hapati alama sawasawa, pointi mbili tatu zinapanda zinashuka zenyewe, usishangilie wala usilie. Watafiti wanatafuta kile kiwango kidogo kabisa cha mabadiliko ambacho mgonjwa mwenyewe anakihisi maishani mwake, chini ya hapo ni kelele tu. Pointi 14 kama zako sio kelele, zipo kweli, ila sababu yake tunaijua na inaondoka stenti ikiondoka.

Kuna kitu kingine sikipendi kwenye namna fomu hizi zinavyojazwa na nakisema waziwazi. Unakuta mgonjwa anasomewa maswali kwa sauti kwenye korido, nesi ana haraka, mume au mama mkwe kakaa pembeni, anaulizwa "je jiwe limeathiri hamu yako ya tendo la ndoa", atajibu nini? Atasema hapana. Anaulizwa kama amekua mkali kwa watu wa nyumbani, na wa nyumbani wanamwangalia usoni, atasema hapana. Au daktari aliyemfanyia opareshini ndo anamuuliza yeye mwenyewe, mgonjwa anaona aibu kusema bado anaumia ataonekana hana shukrani. Alama zinatoka nzuri na hazina ukweli. Dodoso linatakiwa ujaze peke yako, umetulia, na kama huwezi kusoma vizuri basi akusomee mtu asiyekuhudumia na mkae faragha. Ukijaza mara ya pili ujaze kwa njia ileile ya mara ya kwanza, kama ya kwanza ulijaza mwenyewe na ya pili umesomewa, hiyo nayo inabadilisha majibu.

Pia kuna hili la mtu kubadilika kipimo chake cha ndani. Kabla ya opareshini ulikua umeshaizoea hali, umeshajipangia maisha kuzunguka jiwe, ukiulizwa unasema sio mbaya sana. Inawezekana ile 72 yenyewe ilikua imepanda kuliko ukweli, hasa kama ulijaza kwenye wiki ambazo halikukusumbua. Ndo maana napenda kuona vipimo viwili vitatu kabla ya matibabu na sio kimoja, ingawa najua kliniki nyingi hawana nafasi hiyo.

Sasa ufanye nini. Kwanza kabisa ujue tarehe ya kutolewa stenti yako na uiandike mahali ambapo hutaisahau, kwenye simu, ukutani, popote. Kwa kawaida haitakiwi kuzidi miezi 3 hivi, ikisahaulika ndani inaota mawe juu yake na kuitoa kunakua kazi kubwa, hili nalisisitiza kuliko alama zote. Wakati unasubiri, kama inakusumbua usivumilie kimya, mwambie daktari, kuna dawa za kulegeza misuli ya ureta na kibofu kama tamsulosini zinazowasaidia wengi. Na ukipata homa, kutetemeka kwa baridi, mkojo kugoma kutoka, au damu nzito yenye mabonge, hiyo sio ya kusubiri kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Pili, omba ujaze fomu tena wiki kama nne mpaka sita baada ya stenti kutoka, na uandike juu ya karatasi tarehe na hali yako ilivyo, "nina stenti" au "sina stenti", "nimeumwa wiki hii" au "sijaumwa". Maneno hayo machache yanafanya namba isomeke. Ile 58 wasiitupe, waiandikie tu kwamba ilichukuliwa siku ya kumi stenti ikiwa ndani, na kama wanataka kujua stenti inakutesa kiasi gani basi wakupe USSQ ambayo ndo kazi yake.

Tatu, ikifika wakati huo ukakuta usingizi umerudi, mkojo umetulia, maumivu hamna, lakini eneo la hisia bado liko chini na bado unaogopa kusafiri, usiseme basi nimepona. Mwonyeshe daktari hilo eneo kwa kidole kabisa. Muulize jiwe lako lilipelekwa maabara kujua ni la aina gani, na kama unaweza kukusanya mkojo wa saa 24 upimwe kalsiamu, oksaleti na asidi ya yuriki (vitu vinavyotengeneza mawe), sitreti (inayosaidia kuyazuia) na wingi wa mkojo wenyewe. Majibu ya hapo ndo yanayosema kwako wewe tatizo ni maji machache, ni chumvi nyingi, au ni sitreti imepungua na unahitaji dawa. Hofu ya jiwe kurudi haiondoki kwa kuambiwa usiogope, inapungua pale mtu anapojua jiwe lake lilitokana na nini na anafanya nini kila siku kulizuia, halafu baada ya miezi sita ujaze tena tuone lile eneo la hisia limeenda wapi.